Kabla Hujamleta Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama Umfuge Mnyama Asiyezoeleka

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Tanga ambaye ametajiwa komba wa kuuzwa, amevutiwa na kasuku anayezungumza, au ameombwa na mwanawe ruhusa ya kumfuga kobe aliyeokotwa kando ya njia huko Pongwe, naye anataka kuamua kwa utulivu kabla hajasema ndiyo. Kwa mnyama asiyezoeleka nakusudia kiumbe yeyote ambaye si mbwa, paka, kuku, bata, njiwa, mbuzi, kondoo wala ng'ombe. Hao tumewazoea kwa vizazi vingi, na maarifa ya kuwatunza yamejaa mitaani kwetu. Mbuzi wako akiharisha, jirani wa tatu kutoka kwako atajua la kufanya, lakini kinyonga akifumba macho mchana kutwa, ambayo ni dalili mbaya sana kwake, mtaa mzima wa Makorora hautakuwa na mtu wa kukuambia hivyo.

Hatua zimepangwa ili maswali yanayoweza kumaliza jambo yatangulie. Ukikwama katika hatua ya kwanza au ya pili, huna haja ya kuendelea na zilizobaki. Nisifiche msimamo wangu: nawapenda wanyama, na kwa sababu hiyo naamini kwamba kwa wengi wao jibu sahihi ni kutowafuga. Wapo hata hivyo wachache wanaofugika vizuri katika nyumba ya kawaida, nao nitawataja.

Hatua ya kwanza: uliza ametoka wapi, na usiridhike na jibu la nusu

Wanyama wanaouzwa ni wa aina mbili tu: waliozaliwa mikononi mwa mfugaji na waliokamatwa porini. Muuzaji wa aina ya pili mara nyingi husema kwamba mnyama ni yatima aliyeokotwa. Neno hilo lisikulainishe, kwa sababu huwa ama si kweli, au ni kweli kwa namna ya kutisha.

Chukua mfano wa komba. Mama komba anapokwenda kutafuta chakula usiku humbeba mtoto wake kwa mdomo, akamwacha ameng'ang'ania tawi, kisha humrudia baadaye. Mtu anayempata mtoto huyo peke yake juu ya mwembe au mkorosho na kumtia katika boksi humwita yatima, hali mama yake yuko miti michache tu kutoka hapo. Kwa tumbili na kima hali ni mbaya zaidi. Mtoto wa tumbili hushikilia tumbo la mama yake katika miezi ya mwanzo ya maisha yake, na mama hamwachi mtu amchukue. Basi mtoto mdogo wa tumbili anayeuzwa, kwa kawaida mama yake ameuawa ili yeye apatikane. Anayemnunua kwa huruma analipia kifo hicho, na fedha yake ndiyo inayomrudisha muuzaji msituni kesho.

Biashara ya namna hii imewahi kumaliza viumbe wa nchi yetu kwa kasi. Kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya chungwa, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, walikamatwa kwa wingi mno katika miaka ya 1980 kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Kobe bapa wa miamba, ambaye anapatikana Tanzania, Kenya na sehemu ya Zambia pekee, hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara moja, hivyo kila anayetolewa mwambani huchukua muda mrefu sana kufidiwa. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaojulikana kwa kifupi chake, CITES. Kasuku wa kijivu, yule anayesifiwa kwa kuiga maneno, aliingizwa katika orodha hiyo kwa uamuzi wa mwaka 2016.

Kwa hiyo mtake muuzaji akuonyeshe mambo yanayoonekana kwa macho: wazazi wa mnyama, mahali alipozaliwa, na karatasi zenye jina la mfugaji. Kwa ndege, tazama mguu. Mfugaji makini humvisha kinda pete nzima isiyo na kiungio angali mdogo, na pete hiyo haiwezi kuvishwa mguu uliokwisha kukomaa. Mtambaazi aliyejaa kupe, ndege mwenye vidonda juu ya mdomo kwa kujigonga kwenye wavu, au mnyama anayejibana pembeni na kutetemeka kila anapoona mkono, hao ni dalili kwamba walikuwa huru siku chache zilizopita. Na muuzaji akikutaka mkutane kando ya barabara ya Muheza, mnyama akiwa ndani ya kiroba, maswali yako yamekwisha kujibiwa.

Hatua ya pili: ijue sheria kabla fedha haijatoka mfukoni

Watu wengi hudhani kwamba mnyama aliyeingia katika shamba lao la minazi ni mali yao. Sivyo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Serikali, na kuwa nao bila kibali ni kosa. Jambo wasilolijua wengi ni kwamba nyara, kwa maana ya sheria hiyo, si pembe na ngozi na nyama peke yake. Mnyama aliye hai naye ni nyara. Makosa ya nyara za Serikali yamo pia katika sheria ya uhujumu uchumi, na kifungo cha miaka 20 ni adhabu ambayo mahakama zetu zimekwisha kuitoa mara nyingi. Hakuna urembo wa kinyonga unaostahili hatari hiyo.

Mamlaka inayohusika ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, na katika kila halmashauri yupo afisa anayeshughulikia wanyamapori chini ya idara ya maliasili. Nenda kwake kabla ya kununua. Mweleze ni mnyama gani, anatoka wapi na utamweka wapi, kisha umwombe akueleze kama kibali kinawezekana na kwa masharti gani. Vipo vibali vya bustani za wanyama, mashamba na ranchi za wanyamapori, lakini vimekusudiwa watu wenye eneo, uzio na mpango wa usimamizi, wala si chumba na sebule. Ukiambiwa hapana, uamuzi wako umekwisha kufanyika, na umeokoa fedha na heshima yako.

Usimwamini muuzaji anayesema kwamba kibali ataleta baadaye, au kwamba risiti yake inatosha. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani na misitu mingine ya Usambara ina sheria zake za ziada, na kutoa humo kiumbe yeyote bila ruhusa ni kosa la pili linalojitegemea. Kasa wa baharini nao, pamoja na mayai yao, wanalindwa. Kijana anayemleta kasa mdogo kutoka Mwambani ndani ya ndoo arudishwe pamoja nawe mpaka ufukweni, siku hiyo hiyo.

Mnyama wa asili ya nchi nyingine naye anahitaji vibali vya kuingizwa na cheti cha afya kutoka kwa mamlaka za mifugo. Tausi ni mfano unaofaa. Asili yake ni India, na Watanzania tumemzoea kwa picha za Ikulu. Mwaka 2020 Rais John Magufuli aliwagawia viongozi wastaafu baadhi ya tausi wa Ikulu. Pamoja na kuzoeleka huko, anayetaka kumfuga asichukulie kwamba ni kuku mwenye mkia mrefu. Akaulize kwanza.

Hatua ya tatu: hesabu miaka yake, kisha hesabu yako

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na mimi naiona kuwa nzito kuliko zote baada ya sheria. Simbilisi huishi miaka mitano hadi saba. Komba aliyefungiwa anaweza kuzidi miaka 15. Kasuku wa kijivu hufikia miaka 40 na zaidi, na kobe anaweza kupita miaka 50 bila shida. Yuko kobe mkubwa katika kisiwa cha Saint Helena, aitwaye Jonathan, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832. Jirani zetu wa Zanzibar wana kobe wakubwa wa Aldabra pale Changuu, ambao wazee wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na waliowapokea wote wamekwisha kuzikwa.

Chukua karatasi uandike umri wako, kisha ujumlishe umri wa mnyama. Mtu wa miaka 45 anayemleta kasuku kinda nyumbani Chumbageni anapaswa kumtaja leo, kwa jina, mtu atakayemrithi ndege huyo, na mtu huyo awe amekubali kwa kinywa chake. Mtoto wa miaka 10 anayelilia kobe atakwenda bweni, atakwenda chuo, ataoa au ataolewa, na kobe atabaki uani kwa mama. Ikiwa mama hakuulizwa, basi mnyama huyo ameletwa kwa mtu ambaye hakumtaka.

Angalia pia mwendo wa maisha yako. Mwalimu, askari, muuguzi na mfanyakazi yeyote wa Serikali anaweza kupata barua ya uhamisho kwenda Kigoma au Songea, na basi la abiria halimchukui kasuku kwenye kiti. Kusafirisha mnyama huyo kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kunaweza kukudai kibali kingine. Mpangaji naye aulize mwenye nyumba mapema, na aulize kwa kutaja aina ya mnyama, kwa kuwa jibu la "mfuge tu" lililotolewa kwa kudhani ni sungura litabadilika siku mwenye nyumba atakaposikia komba akilia usiku kama mtoto mchanga.

Hatua ya nne: jiulize kama nyumba ya Tanga inaweza kuwa makazi yake

Hapa nitachukua muda, kwa sababu wanyama wengi hufa polepole katika jambo hili, na mwenye kuwafuga hudhani walikuwa wagonjwa tangu mwanzo.

Kinyonga wa Usambara amezoea msitu wa mlimani. Amani iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, kuna ukungu, umande na usiku wenye ubaridi, wakati nyumba ya Ngamiani yenye paa la bati iko karibu na usawa wa bahari na joto lake la Februari kila mwenyeji analijua. Kinyonga hatambui maji yaliyotulia ndani ya kisahani. Hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, hivyo anaweza kufa kwa kiu pembeni ya bakuli lililojaa. Hula wadudu walio hai, tena wa aina nyingi, na anahitaji jua la moja kwa moja ili mwili wake utumie madini ya chokaa kujenga mifupa. Akiona kinyonga mwenzake karibu, au akishikwa kila mara na watoto, huishi katika hofu ya kudumu hata kama haonyeshi. Sijui mnyama mwingine anayeonekana mpole kiasi hicho huku akiteseka kiasi hicho.

Kobe hudhaniwa kuwa mnyama rahisi kwa sababu hafi haraka. Kobe wa madoa tunayemwona mashambani hula majani na nyasi zenye nyuzi nyingi. Ukimlisha ugali, wali na mkate, gamba lake huota vilima visivyo vya kawaida na viungo vyake vya ndani huharibika kwa miaka mingi kabla hujaona dalili. Anahitaji uwanja wa kutembea, jua, kivuli, na uzio imara. Upo mtindo wa kumtoboa gamba na kumfunga kamba. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai, wenye damu na mishipa ya fahamu, na kulitoboa ni sawa na kumtoboa ubavu. Ukiona imefanyika kwa jirani, mweleze kwa adabu, kwa kuwa huenda hajui.

Kasuku naye anahitaji akili yake ishughulishwe, na hilo ni gumu kuliko chakula. Porini huishi katika makundi. Akiachwa peke yake katika tundu dogo tangu asubuhi hadi wenye nyumba warudi kazini, wengi huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kibaki kitupu. Anahitaji saa kadhaa kila siku nje ya tundu, vitu vya kutafuna, na mtu wa kuzungumza naye. Mbegu za alizeti pekee humkosesha vitamini A, ambayo ataipata katika karoti, boga na mboga za majani, na hayo yote yanapatikana soko la Mgandini bila taabu. Parachichi na chokoleti ni sumu kwake. Moshi wa jiko la mkaa ndani ya nyumba humdhuru, na mvuke wa kikaango kisichonata kilichopitiliza moto unaweza kumuua kwa muda mfupi.

Komba ni mnyama wa usiku, na hilo peke yake lingetosha. Hujipaka mkojo mikononi na miguuni, kisha huruka juu ya makochi, mapazia na vyombo. Tabia hiyo ni ya maumbile yake na haifundishiki ikaacha. Anahitaji matunda, wadudu na utomvu wa miti. Wagema wa pwani wanamjua vizuri, kwani hupenda tembo la mnazi mpaka watu wakapata msemo wa kulewa kama komba. Lakini ule utundu unaochekesha juu ya mnazi, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, ni mnyama anayezunguka pale pale usiku kucha.

Tumbili sitamjadili kwa upande wa makazi, kwa kuwa hakuna nyumba inayomfaa. Anapofikia utu uzima, kuanzia miaka 4 au 5, huanza kupigania nafasi yake katika kundi, na kundi lake ni familia yako. Humng'ata mtoto au mgeni aliyemwona kuwa dhaifu, kisha hufungwa mnyororo kiunoni chini ya mti, na hapo ndipo anapomaliza maisha yake. Chatu, mamba na paka wa porini nao waachwe bila mjadala.

Hatua ya tano: wafikirie watu walio ndani ya nyumba

Mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kubeba kichaa cha mbwa, licha ya jina lake. Ugonjwa huo dalili zikishaonekana karibu kila mara huua. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama wa namna hiyo, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kwa mkazi wa mjini, Bombo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Kusubiri kuona kama kidonda kitapona ni kosa linalogharimu maisha.

Kobe, mijusi, nyoka na kalunguyeye hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa, navyo huleta kuharisha kukali kwa watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu. Nyumba yenye mmoja wa watu hao naishauri isiwe na mtambaazi kabisa. Pasipo na watu hao, mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na chombo chake kisioshwe jikoni. Kasuku na jamii yake wanaweza kuambukiza homa ya mapafu kupitia vumbi la kinyesi kilichokauka. Maambukizi huenda pia upande wa pili: kifua kikuu cha binadamu humshika tumbili.

Majirani nao wana haki. Nyumba zetu za uswahilini zimebanana, na tausi hupiga ukelele unaosikika mbali tangu alfajiri. Zungumza na jirani wa kila upande kabla, kwani ni rahisi kusikilizana wakati huo kuliko baada ya mwezi mzima wa kukosa usingizi.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi wa majirani zangu, ipo hadithi inayojulikana sana ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Naikumbusha kwa sababu inagusa suala lenyewe: ukishamfungia kiumbe, kila anachokosa kimekuwa juu yako.

Hatua ya sita: mtafute daktari kwanza, mnyama baadaye

Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na wataalamu wetu wa mifugo ni hodari kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Mtembelee afisa mifugo wa kata yako umuulize moja kwa moja: umewahi kumtibu kasuku? Umewahi kumpa kobe dawa, na kwa kipimo gani? Hakuna aibu akijibu hapana, wala si dharau kwake, kwa maana dawa inayomponya mbuzi inaweza kumuua ndege. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro ndicho kinachofundisha madaktari wa mifugo, lakini kutoka Tanga mpaka huko kupitia Segera na Chalinze ni zaidi ya kilomita 300, na ndege mgonjwa hasubiri safari hiyo. Usipompata mtu mmoja wa uhakika ndani ya mkoa, usimlete mnyama.

Hatua ya saba: fanya jaribio la mwezi mzima

Usitegemee hisia zako siku ya kwanza unapomwona mnyama. Kwa siku 30, ishi kana kwamba amekwisha kufika. Orodhesha chakula chake cha siku, ukaulize bei Mgandini, na kila jioni utie kiasi hicho cha fedha katika kibubu. Tia humo pia gharama ya kizimba kwa kugawa bei ya fundi kwa miezi 12, pamoja na akiba ya matibabu. Amka mapema kila siku kwa muda ambao ungetumia kukata nyasi, kubadilisha maji na kufagia kinyesi, na utumie muda huo kweli kwa kazi nyingine ya uani ili mwili uone uzito wake. Ukisafiri kwenda Pangani au Lushoto katika mwezi huo, mteue mtu ambaye angemlisha, umpigie simu kumuuliza kama angeweza.

Ukimaliza mwezi, fungua kibubu. Ukikuta ulikichota kwa ajili ya ada, ugonjwa au karo, hukufanya kosa, kwa kuwa mambo hayo ndiyo yenye haki ya kwanza. Umejua tu kwamba mnyama angelala njaa siku hizo.

Hatua ya nane: chagua anayefugika, au chagua kutazama

Kama umevuka hatua zote na bado una nia, kwa maoni yangu anza na simbilisi. Amefugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka tangu Amerika Kusini, hakamatwi porini kwetu, na hula majani yanayopatikana bure. Mambo mawili ni ya lazima: wawe wawili au zaidi, kwa sababu huhuzunika akiwa peke yake, na wapate mboga mbichi kila siku, kwa kuwa mwili wa simbilisi hauwezi kutengeneza vitamini C, sawa na wetu. Weka majike watupu, la sivyo baada ya miezi michache utakuwa na kundi. Sungura naye anafaa, pamoja na njiwa wa mapambo na wale kasuku wadogo wa asili ya Australia ambao huzaliwa vizimbani kizazi baada ya kizazi.

Samaki wa mapambo wanafaa kwa nyumba ndogo, ila ukumbuke kwamba umeme ukikatika pampu ya hewa husimama, kwa hiyo weka samaki wachache katika maji mengi. Ukiwachoka, kamwe usiwamwage katika mto Zigi wala bwawa la Mabayani, ambalo mji wa Tanga unalitegemea kwa maji. Kiumbe mgeni akifunguliwa mahali pasipo pake huleta madhara yasiyorudishika nyuma. Kunguru weusi wa India, waliofikishwa Zanzibar katika miaka ya 1890, leo wamejaa pwani nzima, wakila mayai na makinda ya ndege wenyeji.

Na kama moyo wako uko kwa komba na kinyonga, unaweza kuwa nao bila kuwafungia. Panda au uuache mti wa matunda uani, zima taa ya nje, na ukae kimya baada ya magharibi. Nenda Amani na mwongoza wageni aliyesajiliwa, umwombe matembezi ya usiku, kwa kuwa vinyonga wakilala juu ya matawi hugeuka weupe chini ya mwanga wa tochi na huonekana kwa urahisi kuliko mchana. Wapeleke watoto. Mtoto aliyemwona kinyonga wa pembe tatu juu ya tawi lake mwenyewe huuliza maswali mengi kuliko aliyemwona ndani ya ndoo.

Kama tayari unaye

Huenda unasoma haya ukiwa na mnyama nyumbani. Usimwachie porini kwa ghafla. Aliyelelewa na watu hajui kutafuta chakula wala kuogopa mbwa, na anaweza kuwapelekea wenzake magonjwa. Usimpe mtu mwingine wala kumuuza, kwa kuwa utakuwa umemwongezea mwenzako kosa. Wasiliana na ofisi ya TAWA au ya maliasili ya halmashauri, ukiongozana na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi kwamba umejitokeza kwa hiari, na ueleze ukweli wote: alipatikana lini, wapi, na amekuwa akila nini. Ikiwa unahofia upande wa sheria, muone wakili kwanza.

Ikiwa ni mtoto wa komba aliyeokotwa leo tu, hali ni tofauti. Mrudishe jioni hiyo hiyo chini ya mti alikookotwa, umweke juu ya tawi lililo juu ya kimo cha mbwa, wafungie ndani mbwa na paka, kisha uondoke mbali. Asubuhi, ukimkuta bado yupo na amedhoofika, usimpe maziwa ya ng'ombe. Mfunike kwa kitambaa ndani ya boksi lenye matundu, mweke mahali penye giza na utulivu, na uwapigie watu wa maliasili.

Kwa aliye na kobe au kasuku anayesubiri maafisa waje, mpe kivuli, maji safi na chakula kilichotajwa katika hatua ya nne, mfungue mnyororo au kamba kama anayo, na uandike kila siku alichokula na alivyokwenda haja, ili atakayempokea ajue pa kuanzia.